Je, ni kweli kadiri jamii inavyoendelea ndivyo madaraka yanavyosambaa? Naomba hoja kabla sijaaibika

BintiMdadisi ameuliza:

Wakuu, habari za wakati huu.

Tuna kikundi cha kusoma na kujadiliana, tuko kumi na wanne, na kila mwezi mmoja wetu anabeba mada. Zamu hii ni yangu, na mada nimeichagua mwenyewe kwa kujiamini kabisa: "Jamii zinavyoendelea, madaraka ya kisiasa husambaa." Kwenye karatasi nimechora mshale. Kushoto kuna nukta moja kubwa, huyo ndiye mfalme. Katikati kuna nukta chache: makabaila, maaskofu, matajiri wa mijini. Kulia ni nukta ndogondogo zisizohesabika, ndio wapiga kura.

Mfano wangu ni Uingereza kwa sababu unalala vizuri juu ya mshale. 1215, makabaila wanamlazimisha Mfalme John akubali Magna Carta. 1265, kabaila Simon de Montfort anaita bungeni wawakilishi wa miji. 1689, Hati ya Haki. 1832 haki ya kupiga kura inapanuliwa kidogo, 1867 na 1884 inapanuliwa tena, 1918 wanaingia wanawake wenye miaka 30 na kuendelea, kwa masharti, na 1928 wanawake wanakuwa sawa na wanaume. Miaka mia saba, mstari umenyooka kama uzi.

Jana usiku nikaikumbuka Roma, usingizi ukakata. Roma ilikuwa jamhuri yenye makonsuli wawili wa mwaka mmoja mmoja, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Ilipokuja kuwa kubwa na tajiri kuliko ilivyowahi kuwa, ndipo ikaangukia mikononi mwa mtu mmoja, Augusto, mwaka 27 KK. Mshale wangu umegeuka nyuma.

Sasa naomba kueleweshwa. Roma ndiyo imepotoka, au mshale wenyewe ndio uongo? Na pale madaraka yanaposambaa kweli, nini hasa kinayasambaza? Tafadhali msinijibu "elimu" au "maendeleo". Hayo nayo yanahitaji kuelezwa.

---

Kiti_cha_Nyuma:

Futa mshale, dada. Roma haiko peke yake. China mwaka 221 KK: mfalme wa Qin anameza falme zote zilizobaki, anafuta mabwana wa urithi, nchi anaigawa majimbo 36 yenye maofisa aliowateua yeye. Buganda katika karne ya 18: makabaka wanapunguza nguvu za bataka, wale wakuu wa koo, na mahali pao wanaweka machifu wa kuteuliwa. Kote huko jamii ilikuwa inakua, na madaraka yalikuwa yanakusanywa, hayasambai.

Ukiwauliza watu wa Qin wachore mshale, wangechora ukielekea kwenye nukta moja, na wangeuita huo ndio ustaarabu.

---

Katibu_Mstaafu:

Binti, mimi si mwanahistoria. Nilikuwa katibu wa chama cha ushirika kwa miaka 19 na mihtasari yote ya vikao niliiandika kwa mkono huu. Historia nilianza kuisoma baadaye, nikitafuta maelezo ya yale niliyoyaona mle. Kwa hiyo nivumilie, nitaanzia huko.

Tulianza watu kumi na wawili. Mwenyekiti alishika kila kitu: mhuri, kitabu cha hundi, ufunguo wa kabati. Hakuna aliyenung'unika, maana chumba cha kukutania kilikuwa chake na mchango mkubwa ulikuwa wake. Tukafika watu sitini, mambo yakabaki vilevile. Hapo nataka ukae kidogo: tulikua mara tano, na mhuri haukutoka mfukoni mwake. Kukua peke yake hakukufanya chochote.

Kilichofanya kitu ni mwaka tulipotaka kununua mashine na akiba ikawa haitoshi. Mwenyekiti akasimama, akaomba kila mwanachama aongeze mchango maradufu. Kule nyuma kulikuwa na mama mmoja ambaye kwa miaka sita sikuwahi kuliandika jina lake kwenye muhtasari, isipokuwa kwenye orodha ya mahudhurio. Akauliza, "Na tukishatoa, nani atatia saini?" Kikao kikawa kimya. Ndani ya wiki tatu tulikuwa na watia saini watatu, kamati ya ukaguzi, na kanuni kwamba bila akidi hakuna kikao. Hakuna aliyekuwa amesoma falsafa ya siasa. Mwenyekiti alihitaji kitu, na kitu hicho kilikuwa kwenye mifuko ya watu waliokaa mbele yake.

Sasa irudie Uingereza yako kwa jicho hilo. John alipoteza Normandy mwaka 1204, akatumia miaka kumi kukamua fedha za vita vya kuirudisha, na 1214 washirika wake wakashindwa vitani huko Bouvines. Mwaka uliofuata makabaila wakamkalisha chini. Watu hupenda kunukuu vifungu vya haki za mtu, lakini soma kile cha 12: mfalme hatatoza malipo ya badala ya utumishi wa vita, wala msaada mwingine, bila ushauri wa pamoja wa ufalme, ukiacha mambo machache yaliyotajwa. Ni "nani atatia saini?" ileile. Kifungu cha 61 kikaweka makabaila 25 wa kumwangalia. Kamati ya ukaguzi! Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Lakini zingatia yaliyofuata, maana mshale wako unayaruka. Papa aliifuta hati hiyo Agosti ileile ya 1215. Ilipotolewa upya 1216, vifungu hivyo viwili havikuwemo. Miaka mia nne baadaye Charles wa Kwanza anatawala miaka kumi na mmoja bila bunge, 1629 hadi 1640, akijitafutia fedha kwa njia za pembeni, ikiwemo kodi ya meli. Aliliita tena kwa sababu alikuwa na vita na Waskoti na hazina ilikuwa tupu. Huo si mstari ulionyooka, ni watu wanaovutana kamba kwa karne nyingi, na upande wa wengi unavuta vizuri pale tu mfalme anapokuwa na njaa.

Ufaransa ilikuwa jirani, na haikuwa nyuma kwa usomi wala utajiri. Bunge lao la matabaka matatu halikuitwa tangu 1614 hadi 1789, miaka 175. Kwa nini? Mfalme wa kule alikuwa ameshapata kodi ya kudumu asiyohitaji kuiomba, na kwa sehemu kubwa wakubwa walikuwa wamesamehewa kuilipa. Wenye nguvu ya kukataa hawakuwa na cha kukataa, na waliokuwa wanalipa hawakuwa na nguvu. 1789 fedha zikaisha, akawaita. Mengine unayajua.

Kitu kinachohitajika si lazima kiwe fedha. Athene mwaka 508 KK Kleisthenes aliwapanga raia upya katika makabila kumi na kuunda baraza la watu 500, hamsini kila kabila. Ila masikini wasio na ardhi walikuja kupata uzito wa kweli baada ya jeshi la majini. Silaha za askari wa nchi kavu zilikuwa ghali, mtu alijinunulia. Kasia halihitaji ununue chochote, linahitaji mgongo. Salamis, 480 KK, mji uliokolewa na watu waliokaa kwenye makasia. Huwezi kumwambia mtu leo vuta tuokoke, halafu kesho ukamwambia kaa nje ya mkutano. Unaweza kumwambia, lakini utahitaji meli tena. (Wanawake, watumwa na wageni walibaki nje muda wote. Hilo usilifiche kwenye mada yako, watakuuliza.)

Nimalizie na upande mbaya wa hadithi yangu. Miaka kadhaa baada ya mashine, chama kilipata fedha kutoka kwa wafadhili wa nje, nyingi kuliko michango yetu ya miaka yote. Tulifurahi sana. Mwaka uliofuata tulikutana mara moja tu. Muhtasari wa mwaka ule ni kurasa mbili, na moja ni shukrani kwa wafadhili. Kanuni zilikuwa zilezile, watia saini watatu walikuwepo, lakini mwenyekiti hakuwa anatuhitaji tena. Ukitaka jambo hilohilo kwa ukubwa wa dola, tazama Hispania na fedha, yale madini, ya Potosí huko Amerika Kusini, iliyogunduliwa 1545. Mfalme anachota utajiri ng'ambo ya bahari, mabunge ya nyumbani yanasinyaa.

---

Pima_Kwanza:

Katibu, umeeleza vizuri, lakini Hispania usiipitishe kirahisi hivyo. Mfalme Felipe wa Pili pamoja na fedha yote ya Potosí alishindwa kulipa madeni 1557, 1575 na 1596. Baada ya msafara wake wa meli kushindwa 1588, ilibidi aende kwa bunge la Castilla, ufalme mkubwa ndani ya Hispania, na 1590 likampitishia kodi mpya. Sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka kwa walipakodi wa Castilla kwenyewe. Kwa hiyo fedha ya mbali haikumfanya asimhitaji mtu.

Na Athene pia inakugeukia. Zile meli zilijengwa kwa fedha ya nini? Ya migodi ya Laurion, chini ya ardhi yao, karibu 483 KK. Fedha ya mgodi iliyoishia kuwapa masikini nguvu. Kanuni yako ikoje hapo?

La tatu kwa mwuliza swali: kwenye mada yako yote kuna dhana kwamba kusambaa ni kuzuri. Jaribu Poland. Katika bunge lao kila mjumbe alikuwa na kura ya turufu, na mwaka 1652 mjumbe mmoja aliitumia kuvunja kikao kizima. Ikawa desturi. Madaraka yalisambaa hadi mtu mmoja mmoja, na nchi ikashindwa kukusanya kodi za kulipa jeshi la maana. Walipoifuta kura hiyo kwa katiba ya 1791, majirani walikuwa wameshamega kipande cha kwanza tangu 1772. 1793 wakamega tena, 1795 haikubaki kitu kwenye ramani. Na hao majirani watatu wote walitawaliwa na wafalme wenye rungu moja.

---

BintiMdadisi:

Pima_Kwanza umeniongezea kazi lakini asante. Poland sikuwa naijua kabisa.

Katibu, shikamoo. Swali kwako: kama siri ni mtawala kuwahitaji watu, mbona wakulima wamehitajika siku zote na siku zote wamekuwa chini? Hakuna mfalme aliyewahi kula bila mkulima.

---

Katibu_Mstaafu:

Marahaba binti. Hilo swali ndilo lililonisumbua mimi miaka mingi, na umelifikia kwa siku moja.

Nianze na deni langu kwa Pima_Kwanza. Hispania niliifupisha kupita kiasi, nakubali. Fedha ya Potosí ilimpa mfalme pumzi na ilimpa mikopo, haikumpa uhuru kamili. Ya Laurion jibu langu ni hili: kule fedha ilitoka ardhini, ni kweli, lakini wananchi waliamua mkutanoni itumike vipi. Palikuwa na pendekezo la kuigawa kwa kila raia, kiongozi wao Themistokles akawashawishi wajenge meli. Mkutano ulitangulia mgodi. Chama chetu nacho kama kanuni ya nani anaamua fedha za nje ingeandikwa kabla hazijafika, huenda ningekuwa na mihtasari minene zaidi.

Sasa wakulima. Kuhitajika hakutoshi. Lazima uweze kukinyima kile unachohitajiwa, na kukinyima ukiwa pamoja na wenzako. Mkulima mmoja akigoma, anafukuzwa. Yule mama wa nyuma angeuliza swali lake peke yake nyumbani kwa mwenyekiti, angeambiwa ajitoe chamani. Aliuliza mbele ya watu sitini ambao wote walikuwa wameombwa kitu kilekile saa ileile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni tauni kuu ya 1347 hadi 1351. Ulaya ilipoteza pengine theluthi ya watu wake, wengine husema zaidi. Wafanyakazi wakawa adimu kila mahali. Kwa hesabu nyepesi, mkulima alipaswa kupanda thamani kila mahali. Huko Uingereza wenye mashamba walijaribu kuzuia ujira usipande kwa sheria ya 1351. Mwaka 1381 wakulima wakaasi, wakapigwa, viongozi wao wakauawa. Waliposhindwa vitani bado walikuwa na miguu: mtu alitoroka shamba hili akaenda lile, au mjini, na kabaila wa huko alimpokea bila kumwuliza alikotoka kwa sababu naye alikuwa na mazao shambani. Taratibu utumwa wa ardhi ukafifia.

Ukivuka mto Elbe, huko Ujerumani, kwenda mashariki, karne zilizofuata zikaenda kinyume. Miji ilikuwa dhaifu zaidi, makabaila walikuwa wameshikamana na wameshika sheria na mahakama, na wakulima wakafungwa kwenye ardhi kuliko mwanzo. Tauni ileile, uhaba uleule. Upande mmoja wakubwa walinyang'anyana wafanyakazi, upande mwingine walikubaliana kutowapokea watoro. Kwa hiyo kwenye karatasi yako, kabla hujachora nukta ndogo, angalia kama nukta kubwa zinagombana.

Jambo jingine ambalo mshale haulionyeshi ni mwendo. Kusambaa huchukua vizazi, kukusanywa huchukua wiki. Ujerumani, Hitler aliapishwa kuwa kansela tarehe 30 Januari 1933. Tarehe 23 Machi bunge likampa serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Siku 52. Wajumbe 94 tu ndio waliokataa, wote wa chama cha Kisoshalisti, na Wakomunisti walikuwa wameshazuiwa au kukamatwa. Mwaka uliofuata mabunge ya majimbo yakafutwa. Na hiyo ilikuwa jamii yenye vyuo vikuu, magazeti, vyama vya wafanyakazi na kila unachokiita maendeleo.

---

Nusu_Karatasi:

Naingia na moja tu, la Uswisi, kwa sababu naona mnazungumza kama vile madaraka yakisambaa yanafika kwa kila mtu.

Uswisi ni kati ya nchi zilizogawa madaraka kuliko zote: majimbo yenye nguvu, tangu katiba ya 1848 serikali kuu ya watu saba badala ya mtu mmoja, na wananchi kupigia kura sheria moja moja. Ndiyo hiyohiyo ambayo wanawake wake walipata kura ya taifa 1971. New Zealand walikuwa nayo tangu 1893, Ufini 1906. Mwaka 1959 Waswisi waliulizwa, na waliokuwa na haki ya kujibu ni wanaume peke yao. Wakasema hapana. Jimbo la mwisho, Appenzell Innerrhoden, lililazimishwa na mahakama kuu ya nchi mwaka 1990 kuwaruhusu wanawake kwenye kura za jimbo.

Yaani kilichofungua mlango wa mwisho ni uamuzi wa majaji wachache kule juu. Wanaume wengi wenye haki ya kura huko chini ndio walioufunga.

---

Pima_Kwanza:

Hii ya Uswisi ni tamu. Hapo hata swali la "mtawala anahitaji nini" linayumba, kwa sababu mtawala ni umma wa wanaume na hawakuwa na njaa ya chochote. Katibu unasemaje?

---

Katibu_Mstaafu:

Nasema imenishinda, angalau kwa usiku huu. Ningeweza kuivuta hadi iingie kwenye kanuni yangu, lakini nimeona wenyeviti wakivuta hesabu namna hiyo na najua zinavyoishia.

---

BintiMdadisi:

Nimefuta mshale. Nitaanza na tauni, pande mbili za mto, halafu Ufaransa na Uingereza, halafu Uswisi mwishoni ili wagombane. Roma nitaiweka pale kwenye askari: majeshi yalipoanza kumtegemea jenerali wao kwa mshahara na ardhi kuliko kulitegemea baraza la wazee, aliyehitajiwa akawa jenerali. Nikikosea mnisahihishe kabla ya Jumamosi.

Katibu, la mwisho, hili ni udaku tu. Yule mama wa nyuma aliishia wapi?

---

Katibu_Mstaafu:

Roma uko sawa, endelea hivyo.

Mama yule tulimchagua mweka hazina, akakaa miaka minane. Mwezi wake wa kwanza tu alinikatalia nauli yangu ya kwenda benki kwa sababu sikuwa na risiti. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika kanuni ya risiti. Akanijibu kwamba anajua, ameisoma.